Pembezoni mwa Jalada

Nyaraka, Upanga, saa mbili na nusu asubuhi.
Begi nimeliacha mlangoni, na kalamu ya wino,
na chupa ya maji. Nimeruhusiwa penseli,
daftari, na mafua yangu.
Bi Tatu ananiletea jalada kifuani
kama aliyepakatishwa mtoto wa jirani:
Afya. Karantini. Ripoti za Mwezi.
Utepe umefungwa fundo la mkaja, si fundo la ofisi.
Pini imeoza, ikaacha umbo lake karatasini,
kahawia, kama kovu la chanjo begani kwa mama yangu.

Siku ya nne hii namsoma Athumani Mwinchande, dresa.
Mtu wa hesabu. Kwinini, tembe mia mbili.
Bandeji zilizofuliwa, zilizofuliwa tena.
Mikia ya panya iliyoletwa na watoto wa Gerezani,
arobaini na mmoja; "mmoja," anaongeza,
"ni wa buku, nimelipa nusu."
Hapo nilicheka, na mtafiti wa meza ya dirishani
akanitazama kama niliyepiga mluzi msibani.

Kisha huu:
Ndui. Waliolazwa, kumi na wanne.
Waliokufa, watano. Waliotoroka, watatu, wote watoto.
Sahihi. Muhuri wa daktari wa Kizungu,
ambaye hakuuliza
mtoto wa miaka minne hutoroka vipi.

Pembeni, wino mwingine, herufi za Kiarabu
zimelala ubavu, ndogo, sisimizi wanahama.
Mimi mwenye shahada mbili sikuambulia neno.
Nikampelekea Bi Tatu, ambaye chuoni kwao Mbagala
alichapwa mpaka alifu ikanyooka.
Akavaa miwani. Midomo ikatangulia, sauti ikafuata:

"Hawakutoroka.
Mama yao alikuja usiku na khanga tatu.
Ufunguo ulikuwa kwangu.
Mungu anajua, na karatasi hii."

Nilitaka kusimama. Nilishaiona sura nzima ya kitabu,
mlango, usiku, dresa na ufunguo wake,
hata tanbihi ilishajipanga chini.
"Funua," akasema Bi Tatu. "Mwezi una mdogo wake."

Mwezi uliofuata: Mtoni, wagonjwa wapya tisa.
Nyumba moja imefungwa, hakubaki mtu.
Mwandiko ule ule, haukutetemeka.
Na pembeni, pale anapoandika kila mwezi
deni la mchele, mvua, maneno ya mkwewe,
hakuna kitu.
Hata panya hakuwahesabu.

Umeme ukakatika. Pangaboi likazunguka kwa mazoea,
likachoka.
Siwezi kuapa kwamba wale tisa walipitia mlango ule;
ndui ilikuwa na njia zake nyingi za kuingia mjini.
Siwezi kuapa kwamba hawakupitia.
Nilikaa nikihesabu khanga.

"Majina je?"
Yapo, mstari wa mwisho, yamebanwa ukingoni.
"Mwinyikondo," akasoma. "Sikujua.
Hilo ni jina, mwanangu, si utetezi."
La tatu, mende amekula nukta.
Akalipeleka dirishani, akaliinamisha, akaliinua.
"Yaweza kuwa Tatu, kama mimi,
mtoto aliyepewa zamu yake ikawa jina.
Au ni jumla tu: tatu.
Au ni neno jingine kabisa, na mimi najipenda."

Saa nane na nusu wanafunga.
Nimeandika majina mawili,
na baada yake nimeacha nafasi
ya upana wa neno moja. Mhariri ataijaza,
nitaifuta, ataijaza tena.

Bi Tatu anapanga karatasi, anazigonga mezani,
anazungusha utepe mara mbili.
Navitazama vidole vyake. Havifikiri.
Fundo la mkaja, lile lile
nililolikuta asubuhi.